Juu ya Maji Sawa, Chini Hapana

Kambini, 3 Juni

Mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo, bibi. Na mume wetu babu mpe shikamoo yake, mwambie nimemkumbuka kwa yote isipokuwa kukoroma. Mimi mzima, nakula, nalala, ila pua imebabuka kwa jua hadi nafanana na kiazi kilichomenywa nusu. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu zetu zimefungiwa kabatini ofisini tangu siku ya kwanza, wanasema huwezi kujifunza kushika kamba ya tanga huku umeshika simu. Barua zinaletwa na mashua ya chakula, nayo haina injini, maana hii ni kambi ya matanga na wakubwa wa hapa wana maringo yao. Kwa hiyo barua ikichelewa usianze kulia, jua ni upepo tu.

Bweni letu lina vitanda vya juu na chini, mimi nimepata cha juu karibu na dirisha. Maboya ya kuvaa yanatundikwa mlangoni yakichuruzika maji, na asubuhi tunakanyaga dimbwi kabla hata ya kufumbua macho. Mwenzangu wa mashua ni binti wa mwoka mikate. Anaongea tangu anapoamka mpaka anapolala, na hata tukipinduka anaendelea kuongea majini. Kocha wetu ni mama mmoja tunayemwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake likitokea lolote. Mlingoti umevunjika? Taratibu. Mtu kaanguka majini? Taratibu.

Mchana upepo unakufa, matanga yanalegea kama nguo kwenye kamba, ndipo Taratibu anatupeleka kwenye ghuba ndogo nyuma ya mawe kuangalia samaki. Sasa, kabla hujashika kiuno, nisikilize. Nakumbuka ulivyoniapisha pale mlangoni, begi likiwa begani: juu ya maji sawa, chini hapana. Sijavunja. Unavaa miwani ya maji inayofunika macho na pua, unauma bomba la kupumulia, unalala kifudifudi kama mtu aliyechoka na dunia. Uso tu ndio uko majini. Mgongo uko nje, mkavu, na ushahidi ninao kwa sababu umeungua.

Bibi, natamani ungeona. Kelele zote zinaisha, unasikia pumzi yako tu ikienda na kurudi kwenye bomba. Kivuli changu kilikuwa kinatambaa mchangani chini yangu, kimetandaza mikono, na samaki wadogo wenye mistari wakawa wanaingia ndani yake kukwepa jua. Nikisogea, wananifuata. Nilikaa hivyo mpaka vidole vikakunjamana, sikutaka kuwaondolea kivuli chao.

Sasa ombi langu. Mwezi ujao tunaanza kufundishwa kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Kule chini, kwenye mchanga, Taratibu ameweka benchi la shule, limefungiwa mawe lisielee, na wanafunzi wanakaa hapo kwa mstari wakijifunza. Nimeliona kutoka juu. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kukaa kwenye lile benchi. Lakini niliapa kwako, na sizami mpaka uniambie mwenyewe, zama. Naomba unijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mke wenu mdogo


Nyumbani, 13 Juni

Kidagaa wangu, mke mwenzangu uliyenikimbia na kuniachia vyombo,

Marahaba. Barua imefika ikinuka chumvi. Sisi hatujambo. Mume wetu ameifungua saa ya ukutani ya mwenye duka la vitabu, eti anaisafisha, basi skrubu zimetanda meza nzima na chakula tunakulia magotini. Kazi ya ufundi saa amestaafu, lakini saa zenyewe hazijapewa habari. Anakusalimu, na anasema anakoroma kwa ajili ya afya.

Mimi cherehani nimeipumzisha kidogo. Kazi zimekuwa chache. Wanaokuja nawaambia warudi baadaye, au wajaribu kwa yule fundi wa barabara ya pili, mkono wake si mbaya. Nyumba imepooza bila wewe. Nilikuwa nakugombeza wewe kutwa, sasa nagombeza kuku wa jirani, nao hawajibu.

Hilo la kulala juu ya maji tumelijadili kama mahakama. Mimi hakimu, mume wetu wakili wako, na wakili mwenyewe ana skrubu mdomoni. Uamuzi ni huu: mgongo ukiwa mkavu, kiapo kizima. Ukilowa, kesi inafunguliwa upya. Paka mafuta huo mgongo. Na hao samaki wa kivulini nimewapenda mno, nimewawaza siku nzima.

Nimekushonea kamfuko ka kuwekea hiyo miwani yako. Kitambaa ni cha suruali kuukuu ya mume wetu, usimwambie. Juu yake nimetarizi kisamaki kwa uzi wa buluu, rangi yako. Maandishi yangu yamekuwa makubwa kwa sababu ya kalamu mpya, wino unatoka mwingi. Usinicheke.

Bibi yako


Kambini, 24 Juni

Mke mwenzangu,

Shikamoo kwa wote wawili. Mfuko umefika na miwani imelala humo kama mtoto mchanga. Kitambaa nakijua, ndiyo ile suruali aliyoitafuta babu mwaka mzima. Kisamaki kimependeza, binti wa mwoka mikate anataka chake, ingawa ulisema buluu nacho ni cha kijani. Kijani pia nakipenda.

Hukunijibu kuhusu mtungi. Nimeisoma barua yako mbele nyuma, kuku nimewaona, skrubu nimeziona, mtungi sikuuona. Umekasirika? Wewe ukikasirika huwa unasema mpaka mtaa unajua, hili la kunyamaza silijui.

Jana tulijifunza kutoa maji kwenye miwani, tumesimama, maji kifuani. Nusu ya mgongo ililowa, mheshimiwa hakimu, nusu ya chini tu. Kwanza unainamisha uso na kufumbua macho bila miwani. Kila kitu kinayeyuka. Mkono wangu mwenyewe niliuona kama doa, na mwenzangu akawa wingu lenye nywele. Halafu unavaa miwani ikiwa imejaa maji, unaibana juu kwenye paji, unapuliza kwa pua. Maji yanashuka, yanatoka, na dunia inarudi na kingo zake: ukucha, chembe za mchanga, mshono wa nguo. Taratibu akasema jicho lenyewe huwa zima, linachotaka ni kuondolewa kilicholikalia mbele. Nilifurahi nikacheka, na ukicheka miwani inajaa maji tena.

Nijibu, bibi. Tafadhali.

Mke mdogo


Nyumbani, 4 Julai

Kidagaa,

Marahaba, mwanangu. Hapa salama. Bomba la uani liliziba, mume wetu akalizibua kwa springi ya saa, na sasa bomba linavuja na saa haitembei. Mwenye duka la vitabu amekuja kuiulizia, nikamwambia bado inapimwa.

Hapo kwenye miwani nilimwambia mume wetu arudie mara tatu. Nikamwambia, rudi pale dunia inaporudi na kingo zake. Akarudi. Nililala na neno hilo. Uko ndani ya maji na unaona mshono wa nguo! Basi, tuyaache.

Kisamaki ni cha buluu. Uzi niliuchagua mwenyewe kwenye kopo. Hayo maji yameanza kuwaharibu macho, mwambie kocha wako.

Nilijigonga mguu kwenye ngazi za nyuma, usihangaike, ile ya mwisho ilikuwa imehama. Kula vizuri, na usiruke mlo.

Bibi yako


Kambini, 12 Julai

Babu, shikamoo. Ndiyo, naanza na wewe, maana wewe ndiye unayeisoma barua hii kwa sauti muda huu, lenzi yako ya saa imekwama jichoni, na bibi amekaa kwenye kiti chake anasikiliza. Nakuomba, mume wangu, soma kila neno kama lilivyo. Ukiruka hata mstari mmoja nakuacha, naolewa na muuza barafu.

Bibi, macho yako yamefanya nini?

Nimezitandaza barua zako kitandani nikazitazama pamoja. Unaandika mstari juu ya mstari uliokwisha kuandika. Umenitarizia samaki wa kijani ukidhani ni buluu, wewe uliyekuwa unatenganisha nyeusi mbili za suruali kwa kuzisogeza dirishani tu. Wateja unawafukuza halafu unasema kazi ni chache. Ngazi hazihami, bibi. Na mtungi nimeuuliza mara mbili, hujajibu hata kwa matusi, kwa hiyo hukusomewa. Babu, usikohoe, endelea.

Naogopa. Mimi huku naangalia samaki, na wewe huko unajigonga. Umekwenda kwa daktari? Amesema nini? Niambie hata kama ni baya.

Na ombi langu nalirudia kwa kuwa sasa unalisikia. Naomba ruhusa ya kuzama na mtungi, wenzangu wanaanza wiki ijayo. Ukisema hapana ni hapana, lakini iwe hapana yako wewe, si ya babu.

Mke wenu, anayewapenda na aliyekasirika


Nyumbani, 21 Julai

Mtoto mtundu wewe,

Marahaba, lakini nimeitoa kwa taabu. Mume wetu aliisoma yote, sauti ikimtetemeka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nilipomuuliza amekuwa akiruka nini, akasema, "Nilikuwa naruka yale ya kukukosesha usingizi." Nimemnunia tangu hapo. Anazunguka nyumba kama mbwa aliyeiba nyama.

Haya, ndiyo. Ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Watoto wangu wote wamekua wakaondoka, wewe nawe ukaondoka, nimebaki na hao wawili na hawana adabu. Sindano naitunga uzi kwa ulimi na kwa hasira. Uso wa babu yako naujua kwa sauti. Daktari wa macho, msichana mwenye viatu vya kelele, anasema ni kazi ndogo, jicho moja kwanza, ganzi ni ya matone, unakuwa macho na huumii. Nisipofanya, ukungu huu utafunga kabisa.

Nilikubali, Kidagaa. Nilikwenda, nikalala kitandani kwao. Wakanifunika uso kwa kitambaa, uso mzima, kimeachwa kitundu cha jicho tu, wakaniambia nitulie. Pumzi ikakatika. Nilikitupa kile kitambaa, nikashuka, nikatoka mpaka barabarani na kofia yao ya karatasi kichwani, babu yako nyuma ananikimbiza na viatu vyangu. Tangu utoto siwezi kufunikwa uso. Hata shuka nalivuta mpaka kifuani tu. Ndiyo maana nilikuapisha. Nikifikiria maji yamekufunika wewe, mimi huku roho inaniruka.

Kwa hiyo jibu ni hilo. Wewe usizame, na mimi sirudi kwa yule daktari. Tumalizane hapo, na usiniandikie tena habari za macho.

Bibi


Kambini, 1 Agosti

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Sizami. Nimeanza na hilo upate usingizi. Babu msamehe, alikuwa anakulinda kwa njia yake mbovu.

Wenzangu wameanza. Mimi nafanya nao mazoezi ya kwenye maji ya kiuno, na wakishuka Taratibu ananiacha mashuani niwafuate kwa mapovu. Kila mzamiaji ana mapovu yake, bibi. Ya binti wa mwoka mikate ni mengi na ya haraka, anaongea hata huko. Mtu aliyetulia hutoa machache makubwa, yanapanda bila haraka, yanafika juu na kupasuka kimya. Nayafuata kwa kasia, maji yametulia kama kioo, na mara nyingine nasinzia nikaona kama mimi ndiye niliye chini na wao wanapita juu yangu angani. Siku ya kwanza nililia. Kukuficha sitakuficha.

Habari za macho umenikataza, siandiki. Naandika habari za binti wa mwoka mikate. Siku ya kwanza alipouma kipumulio cha mtungi na kuinamisha uso, alitoka akikohoa, akatupa miwani, akasema hawezi, anakufa. Taratibu hakumlazimisha. Alimkalisha palepale kwenye maji ya kiuno, akamshika kifundo cha mkono, akamwambia jambo la kwanza la uzamiaji, la kabla ya yote: usizuie pumzi kamwe. Mtu akiogopa anaibana pumzi, na ikibanwa ndiyo inayomtisha kwamba anakufa. Toa kwanza. Toa yote, kama unayepoza chai, ya kuingia itakuja yenyewe. Wakafanya hivyo uso ukiwa bado nje ya maji. Kisha kidevu majini, kisha mdomo, kisha uso. Akitaka kutoka, anatoka, hakuna aliyemcheka. Jana alikuwa amekaa kwenye benchi la chini, ananipungia mkono.

Basi ni hayo tu. Kama kuna mtu huko anataka kujaribu, yeyote yule, labda jirani, aanze na taulo dogo kidevuni. Babu amshike mkono.

Mke mdogo


Nyumbani, 11 Agosti

Kidagaa, mjanja kama babu yako,

Marahaba. Sisi wazima, kuku wa jirani wazima, saa ya duka la vitabu imekufa rasmi.

Yule jirani unayemsema amejaribu. Taulo kidevuni, sawa. Taulo mdomoni, akalirusha likatua kwenye chai. Akajaribu tena. Mume wetu amepewa kazi ya kushika mkono, na kila jirani anapofika mahali pa kutulia kabisa, yeye anasinzia na kukoroma, jirani anacheka, taulo linapaa. Lakini juzi jirani alikaa na taulo usoni taarifa ya habari nzima, mpaka michezo. Mle chini ya taulo mlikuwa na mwanga kama maziwa, na pumzi ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, na redio ikasikika mbali kama iko nyumba nyingine. Nikakumbuka bomba lako.

Nimerudi kwa msichana wa viatu vya kelele. Amenipa Alhamisi, tarehe 20, asubuhi.

Sasa nisikilize vizuri. Zama. Kiapo nimekufungulia. Lakini naomba uzame asubuhi hiyohiyo. Nikifunikwa nijue na wewe umefunikwa, umekaa kwenye benchi lako, unatoa pumzi polepole. Peke yangu sitaweza, Kidagaa, najijua. Tukiwa wawili nitaweza.

Bibi yako


Nyumbani, 24 Agosti

Kidagaa, Kidagaa wangu,

Barua hii naiandika na naiona. Jicho moja tu, lakini naona mpaka manyoya ya karatasi.

Kitambaa kilikuja kama siku ile. Pumzi ikataka kukatika, mguu mmoja ukawa umeshashuka kitandani. Nikajiambia, Kidagaa yuko chini sasa hivi. Nikatoa yote, kama ninapoza chai. Nikangoja. Ikaja yenyewe. Daktari akasema vizuri sana, bibi, nikataka kumwambia asinisemeshe, nina mtu wangu huku. Wakawa wananimwagia maji jichoni na ile taa ikayeyuka, zikaja rangi, buluu na zambarau na nyingine sizijui jina, zikazunguka polepole kama nguo unazozisuuza. Sikuwa hospitali tena. Nilikuwa nimekaa nawe kwenye mchanga, na nilikusikia ukipumua upande wangu wa kulia, naapa. Sikutaka waniambie tumemaliza.

Kesho yake walipoondoa kifuniko, kitu cha kwanza nilichoona ni kucha za daktari, rangi imebanduka, nikamwambia. Kisha nikamwona babu yako. Amezeeka! Hakuna aliyeniambia. Nilimshika uso nikalia mbele za watu, naye akasema, "Ulidhani nimesimama kukungoja?" Na nyumba yangu, mwanangu, ni chafu ya aibu.

Nieleze ulichokiona huko chini, kila kitu. Nitajisomea mwenyewe.

Bibi yako


Kambini, 2 Septemba

Bibi, shikamoo. Babu, shikamoo, na pole kwa kuzeeka.

Nimelia kwa furaha mpaka binti wa mwoka mikate akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Unaona! Nimeimba bweni zima, unaona, unaona.

Sasa kuna jambo. Barua zako mbili, ya kunifungulia kiapo na ya baada ya upasuaji, zimefika Jumamosi pamoja, kwa mashua moja. Upepo ulikuwa umekufa, mashua ikakwama ng'ambo, tukala wali mtupu mpaka tukauchukia. Kwa hiyo Alhamisi ile sikujua kitu, na sikuzama. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa ufukweni nashona tanga lililochanika na kuitukana sindano. Nilifikiri nisiseme, nikuache na furaha yako. Babu angeuruka mstari huu. Lakini sasa unajisomea, na mimi sitaki kuwa wa kukurukia mistari. Hakukuwa na mtu upande wako wa kulia, bibi. Ile pumzi ilikuwa yako.

Taratibu alinisumbua kwanza kwenye maji ya kiuno, na leo asubuhi nikazama. Unashuka ukishika kamba, unabana pua na kusukuma hewa masikio yafunguke, na nuru inabadilika, kila kitu kinakuwa rangi moja ya usingizini. Karibu na chini nilishtuka. Nilitazama juu nikaona maji yote yale yamenikalia, pumzi ikabana, nikataka kupanda mbio. Nikakuwaza wewe na kile kitambaa, huna mtu, umeshusha mguu na umeurudisha. Nikatoa pumzi. Nikakaa kwenye benchi. Samaki mmoja mnene akaja akanitazama usoni kama mteja anayesubiri nguo yake, halafu akaenda zake, na mimi nikabaki, sina haraka ya chochote duniani. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa na furaha iliyotulia kabisa.

Taratibu ameniomba nibaki mpaka mwisho wa msimu nimsaidie na kundi la wadogo. Ningependa, sitadanganya. Lakini nimemwambia hapana. Bado una jicho la pili, na safari hii nitakuwepo kweli, nikushike mkono. Nakuja na mashua ijayo.

Mke mdogo


Nyumbani, 10 Septemba

Kidagaa,

Marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe, dirishani, mume wetu amekatazwa hata kugusa bahasha. Nilipofika pale pa tanga na sindano niliikunja nikaiweka chini ya mto. Nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani. Nikafagia ua, nikafua mapazia, nikairudia. Peke yangu! Mimi, niliyekimbia na kofia ya karatasi! Nikamwambia babu yako, "Angalau wewe ulikuwa pale nje ya mlango." Akakuna kichwa, akasema alikuwa pale, ila amelala.

Jicho la pili ni Jumanne. Nilikwenda jana kupimwa, na msichana wa viatu vya kelele akaniuliza, "Bibi, safari hii nani atakuwa nawe?" Nikamwambia nitakuja na mzee mmoja mkoromaji, lakini mle ndani naingia mwenyewe.

Kwa hiyo usije. Iache hiyo mashua iondoke bila wewe, na ukamwambie Taratibu unabaki. Hao wadogo kuna mmoja wao atakayetupa miwani na kusema anakufa, umshike huyo mkono, si wangu. Utakuja msimu ukiisha, nikutazame vizuri nione umekuwaje, maana nilipokuaga pale mlangoni sikukuona. Nilikushika shavu nikabahatisha.

Zama zako, mke mwenzangu. Mimi huku njia nimeshaijua.

Bibi yako